Mkono Ufike Wapi: Kisa cha Bunduki Moja, Watu Wawili na Kigingi Kilichorudi Nyuma Sentimita 16

Alipoishusha bunduki baada ya risasi ya kumi na mbili, dada huyu hakuitazama shabaha. Alikitazama kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto, akakikunja na kukikunjua, kisha akasema: "Kaka, kimekufa ganzi. Na hapa begani ni kama nimebeba ndoo tangu alfajiri."

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, kwenye uwanja wa shabaha wa wazi nje ya Houston, Texas. Yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku, mzaliwa wa Tanga, kimo chake sentimita 157. Mumewe, ambaye namwita shemeji, ana sentimita 188 na ameshiriki mashindano madogo ya klabu kwa miaka kadhaa. Mke alitaka kushiriki naye. Basi shemeji akamjengea bunduki kwa mikono yake mwenyewe, kipande kwa kipande, jioni baada ya kazi: AR-15, aina ya bunduki inayojipakia yenyewe, yenye mtutu wa inchi 16, lenzi ya nukta nyekundu juu, tochi mbele, kinga ya mkono ya inchi 15, na kwenye tundu la mwisho kabisa la kinga hiyo, kigingi. Aliijenga kwa mapenzi, na aliijenga vilevile alivyojijengea yake.

Mimi huwasaidia Waswahili wenzangu wa huku wanaoanza mchezo huu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ninunue kinga ya inchi ngapi, na kigingi nikiweke wapi? Naandika kisa cha hawa wawili kwa urefu kwa sababu swali hilo lilijibiwa kwao kwa njia ambayo mimi mwenyewe sikuitarajia, na kwa sababu naona watu wengi wanaumia bure wakidhani maumivu ni sehemu ya mchezo.

Tuelewane kwanza kuhusu vyombo vyenyewe, maana majina yake hatujayazoea kwa lugha yetu. Mtutu wa bunduki ukishapiga risasi nyingi hupata joto la kuunguza ngozi. Kinga ya mkono ni ala ya aluminiamu inayouzunguka mtutu ili mkono wa mbele upate pa kushika. Zile za zamani zilikuwa vipande viwili vya plastiki vilivyobanwa mbele na nyuma. Za sasa nyingi hufungwa nyuma tu, kwenye mwili wa bunduki, na mtutu hupita katikati bila kuguswa na chochote, kwa hiyo ukiibonyeza kinga au kuiegemeza kwenye ubao, mtutu hausukumwi na risasi haihami. Chini yake na ubavuni huwa na matundu marefu ya kufungia vifaa. Kinga ya shemeji ilikuwa na matundu ya M-LOK, mfumo wa kampuni ya Magpul: kila tundu lina urefu wa milimita 32, na kati ya tundu na tundu kuna milimita 8. Maana yake, ukihamisha kifaa tundu moja, umekisogeza sentimita 4. Kumbuka kipimo hicho, kitarudi.

Kigingi ni kipande kidogo, kama kidole gumba kilichokunjwa, kinachofungwa chini ya kinga. Mkono ukikigusa unajua umefika. Si mpini. Wapo wanaofunga mpini wa wima au wa mshazari, nao una matumizi yake, lakini kigingi kazi yake kubwa ni kuuambia mkono mahali bila jicho kutazama. Kwenye bunduki zenye mtutu mfupi kina kazi ya pili iliyo nzito zaidi: kuzuia vidole visiteleze hadi mbele ya mdomo wa mtutu.

Nilimwomba apige risasi tano nyingine, taratibu, na mara hii nikasimama ubavuni mwake, nyuma ya mstari wa kupigia. Sikutazama shabaha hata mara moja. Nilitazama miguu, kiuno, kiwiko.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mbele sana na kifua kimegeuka kulia, karibu ubavu mzima ukielekea shabaha. Kiuno kilisukumwa mbele na mgongo ukaegemea nyuma, kama mama mjamzito anavyosimama kupumzisha uzito. Mkono wa kushoto ulinyooka kabisa hadi kwenye kigingi, kidole gumba kikapanda juu ya kinga, na kiwiko kikainuka kuelekea nje. Kifundo cha mkono kilipinda kuelekea upande wa kidole gumba mpaka ngozi ikajikunja. Na ubavu wa kidole cha shahada ulikuwa umegandamizwa kwenye kigingi kwa nguvu zote, kwa sababu kigingi ndicho kilichokuwa kinaushikilia mkono usirudi. Ganzi ilitoka hapo. Maumivu ya bega yalitoka kwenye kiwiko kile kilichoning'inia hewani bila kitu cha kukiegemeza.

Mshiko ule una asili yake na si wa kudharauliwa. Wapigaji wa mashindano huunyoosha mkono mbele hivyo ili waumudu mdomo wa bunduki: mkono ukiwa mbali, bunduki huhamishwa haraka kutoka shabaha moja hadi nyingine, na teke la risasi halipandishi mdomo sana. Shemeji anautumia na unamfaa. Anaponyoosha mkono, kiwiko chake hubaki na mkunjo mdogo na kifua chake bado kinatazama shabaha. Kipimo cha inchi 15 kwenye kinga yake ni nafasi ambayo mkono wake unaifikia bila kuombwa.

Kwa dada haikuwa hivyo. Tulitoa magazini, yaani kasha la risasi, tukafungua chemba, mimi nikatazama, naye akatazama na kuingiza kidole kuhakikisha hamna kitu. Kisha tukapima kwa futi kamba ya fundi cherehani aliyokuwa nayo kwenye mkoba. Kitako kilikuwa kimevutwa hadi mwisho. Kutoka ncha ya kitako hadi mwisho wa mwili wa bunduki, ambapo kinga inaanzia, zilikuwa sentimita 48. Kutoka hapo hadi kwenye kigingi, 36. Jumla 84. Mkono wake, kutoka bega hadi ubavu wa kidole cha shahada ukiwa umekunja ngumi, sentimita 62. Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa akisimama upande: hakuna njia nyingine ya kuzifikia sentimita 84 kwa mkono wa 62 ila kulipeleka bega lenyewe mbele. Mwili ulikuwa unalipa deni la bunduki.

Na hapo nikatoa jibu langu la kwanza, ambalo halikuwa sahihi. Nilimwambia shemeji: badilisha kinga, weka ya inchi 10. Nilifikiri kinga ndefu inamwita mkono mbele, basi ikiwa fupi mkono utarudi. Pia ingepunguza uzito mbele. Shemeji hakubishana, alikuwa tayari anatafuta bei kwenye simu. Nashukuru kwamba kabla hajalipa nilimuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mwanzo: mfumo wa gesi wa mtutu huu ni wa urefu gani?

Hapa panahitaji maelezo, kwa kuwa watu wengi hununua kinga kwa kutazama sura. AR-15 hujipakia kwa gesi. Risasi ikipita kwenye mtutu, sehemu ya gesi ya baruti hupanda kupitia kitundu kidogo, ikaingia kwenye bomba jembamba na kurudi nyuma kusukuma mtambo. Juu ya kitundu hicho hukaa bloki ya chuma, na sehemu hiyo hupata joto kali. Urefu wa bomba hutofautiana, na kinga za zamani zilifuata urefu huo: ya kabini, yaani bunduki iliyofupishwa, kama inchi 7, ya kati kama inchi 9, na ya bunduki ndefu inchi 12. Mtutu wa dada ulikuwa na mfumo wa kati. Kinga ya inchi 10 ingeishia palepale kwenye bloki. Kama ingepita juu yake, ingepita kwa unywele, na vidole vya mbele vya mtu yeyote mwenye mkono mrefu vingekuwa jirani na chuma cha moto. Kwa mfumo wa kati, kinga inayoanzia inchi 12 kwenda juu ndiyo inayofunika bloki na kuacha nafasi ya mkono.

Na uzito? Kati ya kinga ya aluminiamu ya inchi 15 na ya 10 tofauti ni kama gramu 100, zaidi kidogo au pungufu kidogo kutegemea unene wa kuta zake. Si kitu cha kupuuza, lakini pale mbele palikuwa na kitu kizito kuliko hicho ambacho hakuna aliyekitaja: tochi na kibanio chake, gramu 170, vimefungwa ncha kabisa. Mashindano anayoyataka dada hupigwa mchana. Nilimuuliza shemeji tochi ni ya nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Yangu inayo."

Waliozoea kuona mzegazega wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mchukuzi wa maji mwenye ndoo mbili kwenye mti hakati mti kwa sababu upande mmoja umelemea. Anasogeza bega. Nami nilikuwa nimekimbilia kukata mti.

Kazi yenyewe tuliifanya Jumapili alasiri, sebuleni kwao, bila risasi hata moja ndani ya chumba. Risasi zote zilifungiwa chumba kingine na ufunguo akakaa nao shemeji. Bunduki ilikaguliwa na watu watatu, mmoja baada ya mwingine, na ilielekezwa ukuta wa matofali muda wote. Narudia mambo haya hata kama yanachosha, kwa sababu kupima bunduki nyumbani ndiko kunakoleta misiba watu wanapofanya kwa mazoea.

Tulianza na kitako, na si kinga. Nilimwambia aukunje mkono wa kulia nyuzi tisini, kitako kikae kwenye mkunjo wa kiwiko, nione kidole chake kinafika wapi kwenye kifyatuo. Kilikuwa kinafika kwa ncha tu, tena kwa kujinyoosha. Tukaingiza kitako ndani hatua mbili, karibu sentimita 4. Kisha nikamwambia asimame anavyosimama akimpokea mgonjwa kutoka kwenye machela: miguu upana wa mabega, magoti laini, kifua mbele, uzito kwenye vidole vya miguu. Alicheka, akasema hiyo anaijua. Akaweka bunduki begani kwa mkao huo, na mgongo ukanyooka wenyewe. Shemeji, aliyekuwa amekaa kwenye kochi akitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe."

Mimi siku iliyotangulia nilikuwa nimejaribu kukirudisha kigingi matundu mawili palepale uwanjani, na haikusaidia sana. Bado aliegemea nyuma. Sasa sababu ilionekana. Kitako kirefu kilikuwa kinamsukuma nyuma kabla mkono wa mbele haujafanya lolote. Ukiona mtu anaegemea nyuma, usianze kugusa mbele ya bunduki. Anza begani.

Baada ya hapo tulikifungua kigingi, tukakiweka mezani. Nikabandika utepe wa karatasi chini ya kinga, urefu wote. Maagizo yalikuwa machache: shusha bunduki hadi kiunoni, fumba macho, inue hadi begani, mkono wa kushoto ukamate kinga popote unapotaka, halafu tulia. Usiurekebishe. Mimi nikachora mstari kwa kalamu palipokuwa na ubavu wa kidole cha shahada. Kisha apumzike, aizungushe mikono, na arudie. Mara kumi.

Mtu akishika jembe, hakuna anayemwonyesha pa kushika mpini. Mkono wa mbele hupata mahali pake kwa urefu wa mtu na uzito wa jembe, na mtoto akipewa jembe la baba yake utamwona anashika chini zaidi. Nilitaka mkono wa dada upate nafasi ya kusema hivyo, bila kigingi kuuamrisha.

Mistari yote kumi iliangukia kati ya sentimita 19 na 22 kutoka mwili wa bunduki. Hakuna hata mmoja uliokaribia 36. Nilitegemea itawanyike zaidi. Kidole gumba, ambacho hakuna aliyekiambia kitu, kililala ubavuni mwa kinga kikielekea mbele, na hakikupanda juu. Kiwiko kilishuka, kikawa karibu chini ya bunduki ingawa si chini kabisa. Kifundo cha mkono kilinyooka. Nilimwuliza bega linasemaje. Akafumbua macho: "Halisemi kitu."

Kigingi kikarudi tundu la nne kutoka pale kilipokuwa mwanzo, yaani sentimita 16 nyuma, kwenye alama ya 20. Nati za M-LOK ni rahisi: zina umbo la T, zinaingia kwenye tundu, unageuza skrubu, nazo zinajizungusha robo mzunguko na kubana kwa ndani. Ukikaza, chungulia ndani kama zimejizungusha zote mbili, kwa kuwa iliyokaa mshazari italegea baada ya magazini chache. Kutoka ncha ya kitako hadi kidole cha shahada sasa zilikuwa sentimita 64. Zilipungua 20: 16 za kigingi na 4 za kitako.

Tochi ikavuliwa. Tuliiweka bunduki juu ya mpini wa ufagio kabla na baada ya kuivua, tutafute mahali inapolala sawa bila kuinama upande. Mahali hapo palirudi nyuma upana wa kidole kimoja tu. Ni kidogo kwa macho. Lakini dada aliposhika tena alisema amehisi, nami namwamini, maana uzito ulio ncha ya kitu kirefu haupimwi kwa mizani ya dukani.

Jumamosi iliyofuata tulirudi uwanjani. Sikutaka tujidanganye kwa sababu ya furaha ya jambo jipya, basi tukapanga hivi: atapiga makundi ya risasi tano akiwa amesimama bila egemeo, yadi 50, mara tatu kwa mpango wa zamani na mara tatu kwa mpya, kwa kupokezana, na mapumziko ya dakika tano kati ya kundi na kundi. Kupokezana ni muhimu. Ukipiga yote ya zamani kwanza, uchovu au kupata moto kwa mwili kutaingia kwenye matokeo na hutajua kipi ni kipi. Ilimaanisha kufungua na kufunga skrubu mbili mara tano, na shemeji ndiye aliyefanya kazi hiyo bila kulalamika.

Makundi ya mpango wa zamani yalienea kama sahani ya wali, marefu kwa kwenda chini. Risasi ya nne na ya tano kila mara zilikuwa za chini kabisa: bunduki ilikuwa inamshinda uzito. Ya mpango mpya yalienea kama kisosi kikubwa, na ile tabia ya kushuka risasi za mwisho ilipotea. Haya ni makundi sita ya mtu mmoja kwa siku moja, wala siwezi kuyageuza kuwa kanuni ya watu wote. Kwangu kilichokuwa na uzito zaidi ni kwamba alimaliza risasi 30 na kidole chake hakikufa ganzi kwenye makundi matatu ya mpango mpya, na kwenye yale ya zamani kilikufa.

Kuna alichopoteza, na ni haki kukisema. Tulipojaribu risasi mbili za haraka kwenye shabaha ya karibu, nukta nyekundu ilipanda juu zaidi ya mwanzo na kuchelewa kurudi. Mkono ukiwa nyuma, nguvu yake ya kuushikilia mdomo wa bunduki inapungua. Hilo ndilo walilokuwa wanalikimbia wale wanaonyoosha mkono. Tuliirudisha sehemu ya nguvu hiyo kwa mwili: kuegemea mbele zaidi kutoka kwenye vifundo vya miguu, na kuivuta bunduki begani kwa mkono wa kushoto bila kuiminya. Iliyobaki itakuja kwa misuli na muda. Angekuwa na kimo cha sentimita 170 pengine ningekiweka kigingi tundu moja mbele na kukubali uchovu kidogo kwa ajili ya kasi. Kwa mwili huu na zamu zile za usiku, sikuona haja.

Alipopiga goti, kiwiko cha kushoto kikiegemea paja, mkono ulitaka kurudi nyuma zaidi, karibu na magazini. Alipolala kifudifudi kwenye mfuko wa mchanga hakuhitaji kigingi kabisa. Hakuna mahali pamoja panapofaa mikao yote. Kigingi huwekwa kwa ajili ya mkao unaotumika sana, na kwake ni kusimama.

Kigingi chenyewe hakikuanza na AR-15. Wapigaji wa bunduki za risasi ndogo ya .22 wa mita 50, wale tunaowaona kwenye Olimpiki wamevaa koti gumu, wamekuwa nacho kwa muda mrefu: chuma kinachoteleza kwenye reli chini ya sehemu ya mbele ya bunduki, mkanda umefungwa hapohapo, na mkono umejaa nyuma yake. Reli nyingi huwa na namba kama rula. Mpigaji akihama milimita chache anaandika kwenye daftari, kwa sababu anajua mwili wa leo si wa jana, na koti la leo si la msimu uliopita. Nililitamani jambo hilo kwa watu wetu. Tunabadilisha vifaa vya dola mia kwa mia, lakini hatuandiki tulikuwa tumevifunga wapi.

Sasa niseme juu ya shemeji, maana kisa hiki nusu yake ni chake. Wakati wote nilikuwa nachunga maneno. Mtu amemjengea mkewe zawadi, na mgeni anakuja kuivua tochi na kuhamisha kigingi mbele ya macho yake. Tulipokuwa tunakusanya maganda, alinijia: "Kaka, kwa hiyo niliharibu?" Nilimwambia ukweli kama ninavyouona. Mtutu aliouchagua ni mzuri. Mfumo wa gesi wa kati una teke laini kuliko ule mfupi kwenye mtutu wa inchi 16, na hilo mkewe analifaidi kila anapovuta kifyatuo. Na ile kinga ya inchi 15, niliyotaka kuitupa mimi, ndiyo iliyookoa pesa zake. Kwa kuwa ni ndefu, ilikuwa na nafasi ya kuurudisha mkono sentimita 16 na bado ikabaki na nafasi mbele kwa ajili yake yeye akiiazima, na kwa ajili ya kuegemea ubao wa kizuizi kwenye mashindano. Kinga fupi ingemlazimisha kila mtu kushika mahali palepale. Hii ndefu ilihitaji tu mtu aseme mkono ukae wapi.

Hata hivyo siwashauri wote wanunue inchi 15. Kwa mtutu wa inchi 16 kinga hiyo inaishia karibu sana na mdomo, na kama umefunga kifaa cha kupunguza teke chenye matundu ya ubavuni, gesi ya moto inaruka jirani kabisa na vidole vya mtu anayeshika mbele. Mwenye kifaa hicho na mikono mirefu nampa inchi 13, iache nafasi. Mwenye mfumo wa gesi wa kabini asiyeegemea vizuizi, inchi 10 inamtosha na bunduki inakuwa nyepesi kuizungusha. Mtutu wenyewe usiuchezee: sheria ya shirikisho la Marekani ya mwaka 1934 huihesabu bunduki ya begani yenye mtutu chini ya inchi 16 kuwa ya kusajiliwa kwa utaratibu maalumu. Na majimbo hayafanani. Texas haijali umefunga nini chini ya kinga, lakini California ina masharti juu ya mpini wa mbele kwenye bunduki za aina hii. Uliza kabla hujafunga. Kwa ndugu walio nyumbani Afrika Mashariki, sheria za silaha ni nyingine kabisa na bunduki ya aina hii si ya kuota. Wenye leseni za bunduki za kuwindia wachukue tu kile kipimo cha macho yaliyofumbwa, kwa kuwa mkono ni uleule.

Wiki sita baadaye alishiriki mashindano yake ya kwanza. Hatua ya tatu ilikuwa na ukuta wa mbao wenye tundu kifuani, shabaha nne za chuma nyuma yake. Alifika mbio, akalaza kinga kwenye ukingo wa tundu, sehemu ile ya mbele iliyobaki wazi, mkono wake ukiwa nyuma ya kigingi umeibana kinga na ubao pamoja. Alikosa moja, akairudia, akaipiga. Shemeji alikuwa mpigaji wa zamu iliyofuata, na bunduki yake mwenyewe siku hiyo ilikuwa na tatizo la magazini, basi akachukua ya mkewe, akavuta kitako hatua mbili, na mkono wake mrefu ukapita juu ya kigingi ukaenda kushika mbele alikozoea.

Jioni alinitumia picha ya ukurasa wa daftari la shule la mistari. Juu kaandika jina la mkewe, chini yake: kitako hatua ya nne, kigingi 20, bila tochi. Mstari uliofuata ulikuwa wake: kitako mwisho, kigingi 32. Alikuwa amekirudisha chake nyuma tundu moja.